Kumtafutia Kiberiti Mume

Usiku ule nilikuwa nimekatazwa kufika bandani. Aliyenikataza ni binti yangu mwenyewe, Shaylee, na hakunikataza kwa ubaya. Alisimama kwenye mlango wa jikoni amevaa buti zake za mpira, taa ya kichwani ikinipiga machoni, akasema, "Mama, nakupenda, lakini ukisogea kule Kiberiti atajikaza na mtoto hatatoka. Kaa hapa. Nitakupigia simu."

"Na usipopiga?"

"Basi ujue mikono yangu ina kazi."

Akaenda zake. Nikabaki na mume wangu Royce, ambaye Mungu amemjalia kulala popote. Alianza kukoroma kwenye kiti chake kabla kahawa haijachemka. Mimi nikavuta kiti dirishani. Kutoka pale naliona banda lote, mlango wake mkubwa wa kusukuma pembeni, na mwanga mwembamba unaopenya chini yake. Mwanga ukitulia, moyo wangu unatulia. Kivuli kikipita, nasimama.

Kiberiti ni farasi jike wa Shaylee. Kwenye karatasi ana jina refu la ukoo, lakini tangu siku ya kwanza tulimwita Kiberiti kwa sababu ya rangi yake nyekundu na kwa sababu hahitaji kusuguliwa mara mbili. Farasi jike anaweza kuuzuia uchungu wa kuzaa akimwona mtu asiyemwamini. Na Kiberiti haniamini. Sijawahi kumpiga wala kumnyima chakula. Namwogopa tu, na farasi hunusa woga wa mtu kama sisi tunavyonusa moshi.

Naona afadhali nieleze Shaylee ni mtu wa namna gani.

Ni mfupi, mabega mapana, nywele za rangi ya nyasi kavu amezifunga nyuma kwa kamba yoyote iliyo karibu. Anafanya kazi kwenye duka la chakula cha mifugo hapa kwetu, upande huu wa Mto Boggy, kusini mwa Oklahoma. Kutwa anabeba magunia. Wanaume wanaokuja kununua humwona alivyo mdogo, wakasema, "Acha, binti, nikusaidie." Yeye huwaonyesha kidole: "Vizuri, bwana. Shika lile pale, mimi nishike haya mawili." Hajaolewa. Shangazi zake wakimwuliza, anasema bado hajampata mwanaume anayegeuka vizuri upande wa kulia kama farasi wake.

Tangu alipoweza kukaa wima alikuwa juu ya farasi, na tangu alipoweza kushika hatamu alikuwa akizunguka mapipa. Mapipa matatu uwanjani, unazunguka la kwanza, la pili, la tatu, halafu unarudi mbio hadi mstari. Anayemaliza upesi ndiye mshindi. Kwa kusema ni jambo dogo. Mimi nimelitazama kwa miaka mingi nikiwa nimeshika chuma cha ukingo wa uwanja, na bado silioni dogo.

Shaylee alimnunua Kiberiti kwenye mnada wa ng'ombe, akiwa mwembamba, singa zimejaa miba ya magugu. Alimfundisha mwenyewe hapa malishoni. Na farasi yule alikuwa na mbio, Mungu ni shahidi. Akiliacha pipa la tatu, watu waliokuwa wanakula soseji walisahau kutafuna. Kasoro yake ilikuwa moja. Kabla ya kuingia uwanjani kuna kichochoro chenye vyuma pande zote mbili, ambamo farasi huanzia mbio. Kiberiti alikichukia. Alizunguka, akarudi nyuma, akatoka povu. Ilibidi Royce amwongoze kwa miguu hadi mdomoni mwa kichochoro, huku mimi nikisali.

Jioni moja kwenye mashindano alisimama kwa miguu ya nyuma mle ndani, akaanguka chali, na mwanangu yuko chini. Nyonga ikavunjika. Kiberiti naye aliumia goti la mguu wa nyuma, na hilo halikupona vizuri. Hospitalini, jambo la kwanza Shaylee aliloniuliza si juu ya mifupa yake.

"Nani anamlisha?"

"Baba yako."

"Mwambie asimpe nafaka nyingi."

Mguu ule ulimtoa Kiberiti kwenye mbio kabisa. Shaylee alipoacha magongo alikuja kukaa nami barazani, akasema, "Mama, yeye hatakimbia tena, na umri unakwenda. Nataka mtoto wake mmoja. Mmoja tu. Damu ile isiishie malishoni." Nikajua kwamba hilo ndilo lililomtoa kitandani. Kwa hiyo mimi, niliyetamani farasi yule auzwe nchi ya mbali, nikasema, "Haya. Tumtafutie mume."

Basi majira yote ya baridi meza yetu ya jikoni ilikuwa kama ya watu wanaoozesha binti. Shaylee alileta picha za farasi dume kwenye simu, na ukoo wa kila mmoja, baba, babu, mama wa mama. Royce alizitazama juu ya miwani.

"Huyu ana masikio ya mchungaji wetu."

"Baba! Huyu watoto wake wameshinda kila mahali."

"Sikatai. Nasema masikio."

Kila dume mwenye sifa, ada yake ilikuwa juu ya uwezo wetu. Wale tuliowaweza, Shaylee hakuwataka. Huyu hana mtoto hata mmoja aliyekimbia mapipa. Huyu ana kwato ndogo. Huyu mmiliki wake ni mwongo. Mimi kila picha niliuliza swali moja: "Kichwani yukoje?" Shaylee akawa ananiigiza kabla sijafungua mdomo. "Najua, Mama, najua. Kichwani yukoje."

Halafu likaja lile suala la mnada. Kila mwaka chama chetu cha mbio za mapipa hufanya chakula cha jioni, samaki wa kukaanga na maharage, na wenye madume hutoa bure nafasi moja ya kupandisha ili ipigwe mnada kwa faida ya chama. Hapo ndipo maskini hupata dume la tajiri, kama siku hiyo matajiri wengine wamelala. Jina la Radi lilipotajwa, watu wengi walikuwa nje wanavuta sigara. Radi ni dume ambaye watoto wake wanakimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Shaylee aliinua mkono, akauinua tena, na nyundo ikagonga. Alinikumbatia akalia. Watu wakampigia makofi.

Mimi niliuliza, "Mbegu zenyewe zinatufikiaje?" Lakini kulikuwa na kelele, na sikutaka kumharibia.

Tulipofika nyumbani ndipo alipoisoma karatasi hadi chini. Mbegu za Radi zilikuwa za kugandishwa tu. Tena nafasi ile ilikuwa ya msimu mmoja, jike ashike asishike. Sisi watu wa mapipa tuna ugonjwa huo: tunasoma jina la baba, hatusomi maandishi yaliyo chini yake.

Daktari wetu wa mifugo, mama Haddox, alimpima Kiberiti akavua glavu taratibu. Ni mama mpole, hatishi mtu. "Shaylee, sikukatazi. Lakini huyu ni jike mzee ambaye hajawahi kuzaa, na mbegu za kugandishwa hazingoji. Lazima nimchungulie mchana na usiku ili niipate saa yake ya kushika mimba. Hizo safari zangu zote utazilipa. Mnada haukukuambia hivyo."

"Tujaribu," Shaylee akasema.

Tulijaribu. Akawa anampeleka kliniki kwa trela, analala kwenye gari, asubuhi anakwenda kazini na majani kichwani. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu, na mbegu zikawa zimekwisha. Aliporudi siku ile alimshusha Kiberiti, akamwachia malishoni, akakaa juu ya kipande cha trela kinachofungwa kwenye gari hadi giza likaingia. Rahisi ghali, wahenga walisema, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekaa namna ile.

Mimi nilikuwa na dume langu moyoni. Sikuwa nimemtaja kwa mtu.

Alikuwa wa jirani yetu Otis Lefler, mzee wa kanisa letu, mwenye ng'ombe wachache ng'ambo ya barabara ya changarawe. Farasi wake aliitwa Shemasi. Ni wa rangi ya udongo, kifua kipana, na kwa kumtazama hungemgeuzia shingo. Lakini mimi hutazama. Mtu mwenye woga hutazama kuliko wengine. Nilimwona sikukuu ya Uhuru, fataki zinalipuka juu ya bwawa la kanisa, amefungwa kwenye trela ya Otis, na mjukuu wa Otis amelala usingizi juu ya mgongo wake, mate yanamtoka. Jike wa mtu mwingine alipiga kelele za kumwita. Shemasi aligeuza sikio moja, akalirudisha. Farasi dume! Nilisahau hata kula pai yangu.

Nilimwona pia akitenga ng'ombe. Ndama akikimbilia kushoto, Shemasi yuko kushoto tayari, amekaa karibu chini kwa miguu ya nyuma, halafu kulia, na Otis juu yake amelegeza hatamu kama mtu aliye kwenye kiti cha bembea.

Jumapili ya kwanza tangu mbegu za Radi ziishe, baada ya ibada, nilimshika Otis kwenye maegesho. "Ndugu Otis, yule Shemasi wako bado anapandisha?"

"Dada Darla, anapandisha akiombwa. Haombwi sana. Hana umaarufu." Akavua kofia, akajikuna. "Ni kwa ajili ya yule mwekundu wa Shaylee? Si nilisikia anamtaka Radi?"

"Imeshindikana."

"Basi nikuambie jambo, na usimwambie nimesema mimi. Moto ukiuweka juu ya moto, asubuhi unapata nini?"

"Majivu."

"Umesema wewe."

Alitaja ada yake. Ilikuwa kama bei ya matairi mawili ya gari letu, tena ya kawaida. Na sharti lake lilikuwa lile la watu wa zamani: mtoto asimame na anyonye. Asiposimama akanyonya, unamrudisha jike mwaka unaofuata bila kulipa.

Kumwambia Shaylee ndiko kulikuwa kazi.

"Farasi wa ng'ombe?" alisema. "Mama, hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kuona pipa. Siwezi kumwingiza kwenye mashindano ya watoto wa madume walioandikishwa. Nikitaka kumwuza, nani atamnunua?"

"Ulisema unataka kuuza?"

Akageuza simu yake kifudifudi mezani.

"Ulisema unataka damu ile isiishie malishoni," nikasema. "Mbio anazo mama yake. Anazo za kutosha watu watatu. Mtafutie anachokosa."

"Unataka nipande farasi wa kwenda naye kanisani."

"Nataka upande farasi atakayekurudisha nyumbani."

Royce akakohoa nyuma ya gazeti. "Mama yako amezunguka mapipa yote matatu bila kuangusha hata moja." Hakuna aliyecheka, lakini kesho yake jioni Shaylee alichukua tandiko lake, akaliweka kwenye gari, akaniambia, "Twende tukamwone huyo mchumba wako."

Otis hakuwa na mapipa. Alikuwa na beseni za plastiki za ng'ombe kulambia chumvi. Shaylee akazipanga tatu katika shamba la nyasi lililokwisha kukatwa. Akapanda. Kwanza mwendo wa kutembea, halafu wa kudunda, halafu akamwachia. Mimi nilishika ua wa waya, nikafumba jicho moja. Shemasi hakuwa na mbio za Kiberiti. Lakini kwenye kila beseni alijikunja na kukaa chini na kutoka upande wa pili kama mlango unaozunguka kwenye bawaba zilizotiwa mafuta. Alipomaliza, Shaylee alimpitisha kati ya trela na ukuta wa ghala la Otis, mahali pembamba kuliko kichochoro chochote. Akalegeza hatamu zikalala shingoni. Shemasi akapita, akasimama mwishoni, akapumua.

Mwanangu alishuka. Alikaa ameegemeza paji la uso kwenye tandiko.

"Nani alikuonyesha farasi huyu?" akaniuliza.

"Macho yangu."

"Ndugu Otis, mnasali na huyu?" Shaylee akamwuliza mzee.

"Huwa anatutangulia," Otis akasema.

Kiberiti alipandishwa huko huko, kwa njia ya asili, Otis ameshika dume, Shaylee ameshika jike, mimi nimefungiwa ndani ya gari kwa amri. Mama Haddox alipokuja na mashine yake baada ya majuma machache, Shaylee alinipigia kutoka bandani. Nilisikia anapumua tu, nikajua Kiberiti ameshika mimba.

Miezi kumi na moja ikapita, ndipo tukafika usiku ule.

Matone kama ya nta yalikuwa yametokea kwenye chuchu za Kiberiti, na jioni maziwa yakaanza kudondoka. Nilijua kwa kitabu cha macho yangu kwamba ni usiku huo. Vyura walikuwa wanapiga kelele bwawani. Mbali, upande wa Texas, umeme ulikuwa unamulika bila sauti. Nilikunja taulo. Nikazikunjua, nikazikunja upya.

Simu ikalia. "Mwambie Baba aje."

"Kuna nini?"

"Mguu mmoja wa mbele umekunjika nyuma. Hautoki. Mama Haddox yuko njiani, ananielekeza kwa simu nyingine. Mwambie Baba aje sasa hivi. Wewe usije, Mama. Tafadhali."

Nilimtikisa Royce. Alikimbia na soksi mguu mmoja. Mlango wa banda ulifunguka kiasi cha kumpitisha, ukafungwa.

Farasi si ng'ombe. Maji yakishapasuka, mtoto hana muda wa kungoja. Nilimfikiria Shaylee na mkono wake mle ndani hadi begani, anautafuta mguu gizani, na Kiberiti anasukuma, na mfupa wa jike ukibana mkono wa mtu unaweza kuuvunja. Nilifikiria ile nyonga. Taa za gari la daktari zikaja barabarani, vumbi limezitangulia, zikazimika kando ya banda. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Halafu kukawa kimya. Hata vyura niliwachukia kwa sababu waliendelea.

Sikuweza kukaa. Nilichukua zile taulo, nikatoka. Sikwenda kuvunja amri. Nilikwenda hadi mlangoni tu, upande ambao upepo haukuwa unatoka kwangu kwenda kwao, nikasimama nimegusa ubao. Ndani nilisikia sauti ya daktari, chini chini, "Sukuma nyuma kidogo. Nyuma. Sasa shika kwato kwenye kiganja chako, isimchane. Hivyo hivyo. Lete." Nikasikia Royce anaguna. Nikasikia Kiberiti anatoa sauti ndefu ambayo hata kwenye kichochoro sikuwahi kuisikia. Kisha kitu kizito, chenye maji, kikashuka kwenye majani.

Nikaanza kusali nikasahau maneno.

"Msugue," daktari akasema. "Msugue tu. Pua kwanza."

Msuguo wa magunia. Mwingine. Mwingine. Kisha chafya. Chafya ndogo, kama ya paka.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Lakini sikuwaita. Otis alisema asimame na anyonye, na mimi si mtu wa kushangilia kabla ya mstari. Nikaweka sikio kwenye ubao. Nilisikia vurugu ya miguu, kisha kishindo cha kuanguka. Royce akamwambia mtoto, "Pole, mama, jaribu tena." Vurugu nyingine. Kishindo. Kisha nikasikia jambo ambalo sikulitegemea: sauti ya Kiberiti, ya chini sana, ya kooni, kama mtu anayecheka usingizini. Miaka yote hiyo farasi yule hajawahi kumtolea sauti ile mtu wala farasi. Alikuwa anamwita mwanawe. Aliita, akaita, bila haraka, na kishindo hakikuja tena.

Muda ukapita. Umeme wa mbali ukamulika. Kisha ikaja, dhaifu mwanzoni, halafu kwa ulafi: nyonya, nyonya, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija.

Nilipangusa uso kwa taulo la Kiberiti.

Hatua zikaja upande wangu. Nikainuka upesi, nikarudi nyuma ili nisionekane kwamba nilikuwa hapo. Mlango ukakwama kwenye reli yake, kama kawaida, ukasukumwa kwa bega, ukafunguka wote. Shaylee alikuwa amesimama kwenye mwanga, mikono ina damu hadi mabegani, nywele zimemganda shavuni. Nyuma yake Kiberiti aligeuza kichwa akanitazama. Sikio moja likaja kwangu, likarudi kwa mtoto.

"Mama," Shaylee akasema, "mbona umesimama hapo nje kama mgeni?"